Mzee damu imepanda lakini miguu bado haina nguvu, shida nini?

kijana_wa_tandika: Wadau habari zenu. Mzee wangu ana miaka 61, figo zimefeli, yuko dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) mwaka wa pili sasa, mara 3 kwa wiki. Damu (hemoglobini) ilishuka mpaka 6.9 wakamuanzishia sindano za EPO, zile za kuongeza damu, na dripu za madini chuma, saivi iko 10.8 na kweli kuhema kumepungua. Ila miguu jamani! Kunyanyuka kwenye kochi mpaka ajisukume na mikono yote miwili, msikiti uko hapo tu lakini anapumzika mara mbili njiani. Jirani anasema dokta aongeze dozi ifike 14, eti tumpe na juisi ya bitiruti na matembele. Ni kweli?

nesi_wa_zamu: Pole mkuu. Hiyo 14 achaneni nayo. Kuna utafiti wa Marekani wa 1998, wagonjwa wa dayalisisi wenye matatizo ya moyo walipandishiwa damu karibu na kiwango hicho, ukasimamishwa kabla ya muda maana hawakupata faida na vifo vilielekea kuwa vingi zaidi, hata mishipa ya kuunganishia mashine iliziba zaidi. 10.8 iko vizuri. Damu inabeba oksijeni tu, msuli wenyewe ukishanyong'onyea kwa sumu, asidi na kukaa kitandani sindano haiurudishi. Bitiruti na matembele potasiamu kibao, moyo unaweza kusimama. Anakula protini lakini?

kijana_wa_tandika: Hapana dada, kliniki ya mwanzo walitwambia apunguze nyama na mayai, mama kashikilia hapohapo mpaka leo, ni uji na wali basi

nesi_wa_zamu: Haya ndo mambo! Hilo sharti lilikuwa la kabla ya dayalisisi. Sasa mashine yenyewe inatoka na protini kila akisafishwa, anatakiwa ale zaidi. Muoneni mtu wa lishe wa hapo mnaposafishia awapangie kiasi.

figo_moja_tu: Mi mwenyewe mgonjwa, mwaka wa nne. Nilikuwa hivyohivyo. Nilianza kukaa na kusimama kwenye kiti mara 5 asubuhi, mara 5 jioni, siku isiyo ya mashine, nikawa naongeza kidogokidogo, sio wiki moja ni miezi. Dokta aangalie moyo na presha kwanza, maana hiyo EPO inapandisha presha.

kijana_wa_tandika: Asanteni sana. Mama kashaanza kuchemsha mayai hapa. Na dagaa je?

nesi_wa_zamu: Dagaa aache, unakula na mifupa yake, fosforasi nyingi na figo mbovu haziitoi. Mpeni sato.