Uchawi mezani: walinzi sita wameona nini?

Mleta mada: Wadau wa michezo ya kuigiza ya mezani, hili limenikaa rohoni. Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014. Juzi mhusika wangu alikuwa anambembeleza liwali atufungulie lango. Sijamaliza, mwenzangu akadakia: "Namtupia Suggestion", uchawi wa kumshawishi mtu atii. Dadu ya liwali ya kuupinga ikaangukia 4, lango likafunguka. Pembeni wamesimama walinzi 6. Nikauliza, hawa wameona nini? Msimuliaji, yaani anayeendesha mchezo, akajibu: "Hawajaona kitu."

Hapo nimegoma. Kanuni inataka sauti, tena mkononi uwe na ulimi wa nyoka pamoja na kipande cha sega la asali au tone la mafuta matamu, ama kifaa cha kunuizia badala yake. Mtu anatoa ulimi wa nyoka mbele ya mkubwa, ananuiza, na walinzi wanatazama mawingu? Halafu kuna Counterspell, uchawi wa kuzima uchawi: ili uzime uchawi wa mtu lazima umwone akiufanya, ndani ya futi 60. Ukificha kila kitu, umeiua. Na yule anayelipa pointi kwa Subtle Spell, ujuzi wa mchawi, ili anuize bila sauti wala ishara, amelipia nini sasa?

Msimamo wangu: uonekane. Anayetaka kujificha alipie.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unaua hofu. Uchawi unatisha pale usipojua kama ni uchawi au mkosi tu. Cheza mchezo mwingine, Mage: The Ascension (1993), uone. Ukifanya muujiza wa wazi mbele ya watu wa kawaida, Paradox, adhabu ya kukiuka uhalisia, inakurudi. Kwa hiyo unafanya ngazi ivunjike "yenyewe", na meza nzima inanyamaza. Cheche na miali waachie watu wa mazingaombwe.

Mleta mada: Hata huko bei ipo, imehamia upande wa pili tu. Kwetu kujificha kulikuwa bure.

Mchangiaji wa pili: Mnachanganya kuona na kutambua. Mlinzi anaona mtu anabwabwaja, basi. Ni sala? Ni wazimu? Kitabu cha nyongeza cha D&D, Xanathar's Guide to Everything (2017), kinakuruhusu kuutambua uchawi kwa dadu ya Arcana (elimu ya uchawi), ugumu 15 ukijumlisha daraja la uchawi wenyewe. Suggestion ni daraja la 2. Mlinzi wa lango hiyo 17 ataitoa wapi?

Mimi napenda mchezo wa Ars Magica. Ukipaza sauti uchawi unaongezeka nguvu, ukinong'ona unapungua, ukinyamaza kabisa unapungua zaidi. Mchezaji anachagua mwenyewe kabla dadu haijaondoka mkononi, na ugomvi hauna pa kuanzia.

Mchangiaji wa kwanza: Hiyo ya sauti naichukua.

Mleta mada: 17 nimekubali. Ila mlinzi hahitaji kujua jina la uchawi ndipo ashike upinde. Mgeni kanuiza, bosi kageuka ghafla, yeye yupo hatua tatu tu. Jumamosi tunaanzia hapohapo langoni, na nitadai angalau wawili kati ya sita waanze kuulizana.