Re: makaratasi ya pensheni, na yule bibi yangu wa Kiskoti

Wapendwa habari za wikendi,

Samahani wiki nzima sijajibu mliouliza makaratasi ya kutunza kwa ajili ya pensheni ya uzeeni ya hapa Kanada, tulikuwa na msiba. Yule bibi wa Kiskoti niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake toka mwaka wa kwanza nafika Nova Scotia ametutoka, miaka 98, tumemzika alhamisi. Mliokuja kwenye harusi yangu mtamkumbuka, ndo yule alijifunga kitenge juu ya koti la baridi akakataa kulivua.

Kwa wasiomjua, alikuwa mmoja wa wale maharusi wa vita. Askari wa Kanada walikaa Uingereza miaka mingi wakati wa vita vya pili, wakaoa hukohuko, vita vilipoisha serikali ya Kanada ikalipa nauli ya wake kama 43,000 na watoto kama 21,000, na wengi wao walishukia hapahapa Halifax, Pier 21, ile gati ya bandarini, pale tunapopeleka wageni kupiga picha. Yeye ni mtoto wa Clydebank, jirani na Glasgow, baba yake mtu wa karakana ya meli. Machi 1941 Wajerumani waliupiga mji wao mabomu usiku mbili mfululizo, walikufa watu zaidi ya 500 na nyumba zilizobaki nzima unazihesabu kwa vidole. Mume alikutana naye dansini, akamwambia kwetu tuna nyumba inatazama bahari. Na kweli ilikuwa inatazama bahari, ila maji ya kisima, choo nje, na mama mkwe ndani 😄

Alikuja 1946 na meli ya Aquitania. Alikuwa ananihadithia ule mkate mweupe wa melini, maana kwao toka 1942 walikuwa wanakula mkate wa kijivujivu wa mgao, basi siku ya kwanza mezani wanawake wazima wanashika mkate wanalia, halafu bahari ikachafuka wakautapika wote. Hapo alikuwa anacheka mpaka namshika asianguke na kiti.

Sasa nakuja kwenye makaratasi. Bibi alikuwa na kopo la biskuti, kutu imeshakula mfuniko, ndani ana cheti cha ndoa, kadi ya kushukia yenye muhuri wa Halifax, paspoti zote kuukuu. Sheria ya uraia wa Kanada ilianza 1 Januari 1947, na wake waliokuwa wameshafika wakawa raia kwa sheria hiyo bila kupewa cheti mkononi. Amekaa miaka na miaka anapiga kura, siku anaomba paspoti anaulizwa na kijana dirishani thibitisha wewe ni raia. Akaenda nyumbani, akarudi na kopo zima, akalimwaga pale kaunta.

> Pole sana dada, Mungu ampumzishe. Ila umenitisha, mimi ile karatasi ya kutua ya 1998, niliyopewa nilipoingia kama mkazi, sijui iko wapi tulihama mara nne. Na je bibi aliwahi kurudi kwao?

Ahsante kaka. Ile karatasi ya zamani hawatoi nyingine, ikipotea unaomba uhamiaji wakupe uthibitisho wa hadhi yako, fomu ya VOS, unalipia na unasubiri, kwahiyo anza sasa usingoje ufikishe miaka 65. Pensheni ya uzeeni wanataka angalau miaka 10 ya kuishi hapa baada ya kutimiza 18, na kuipata kamili ni miaka 40, na wanaweza kukuuliza uliingia lini ukatoka lini, zile paspoti zilizoisha ndo zinakusemea. Usitupe hata moja jamani, hata kama panya kaanza.

Kurudi alirudi, lakini 1967. Mama yake alishazikwa, barua ya msiba ilimfikia mazishi yameshapita. Na ile Aquitania ilitengenezwa palepale Clydebank, tena 1950 ikapelekwa Faslane, karibu na mlango wa mto huohuo wa Clyde, ikavunjwa chuma chakavu. Alikuwa anasema meli imewahi kurudi nyumbani kabla yangu, halafu ananyamaza, ananiuliza umempigia mama yako leo.

> Dada pole. Tunakuja kuwapa pole wafiwa au kwao haipo?

Ipo kwa namna yao. Jumapili saa tisa mchana watoto wake wanakaribisha watu chai ukumbi wa kanisa, ni mwendo wa masaa mawili toka Halifax, gari langu lina nafasi tatu, mtu aniandikie mapema. Msibebe pilau, hakuna pa kupashia. Mimi napeleka mandazi, bibi alikuwa anayapasua katikati anapaka siagi na jamu ya stroberi, mwanzoni nilikuwa naona kituko, sasa hivi na mie nakula hivyohivyo.