Mjadala: Katuni ya kuuza midoli ifungiwe? Kabla hamjajibu, nisikilizeni kuhusu Mirage

Wadau, heshima kwenu. Hoja iliyo mezani ni hii: katuni iliyotengenezwa ili kuuza midoli iachwe ionyeshwe kwa watoto, au ifungiwe? Wanaotaka ifungiwe wanasema hiyo si katuni, ni tangazo la nusu saa, na mtoto wa miaka sita hana ubavu wa kushindana na tangazo ambalo hata hajui kama ni tangazo. Nawaelewa. Ila naomba nimlete shahidi wangu, Mirage wa Transformers, katuni na midoli ya roboti zinazojigeuza magari na vitu vingine.

Kwa asiyemfahamu: Mirage ni roboti wa upande wa Autobots, roboti wema wanaopigana na Decepticons, roboti waovu. Anageuka gari la mbio za Formula 1 la Kifaransa, Ligier JS11, buluu na nyeupe, namba 26. Gari lenyewe halisi ndilo lililompa dereva Jacques Laffite ushindi wa mbio mbili za mwanzo za msimu wa 1979, Argentina na Brazil. Kazi ya Mirage ni ushushushu. Optimus Prime, kiongozi wa Autobots, anahutubia, mwenzao Ironhide anamimina risasi, huyu anatoweka machoni, anapenya ngome ya Decepticons, anasikia alichofuata, anaondoka zake.

Lakini kutoweka siko kulikonifanya nimpende. Nampenda kwa sababu hana uhakika kama vita hii ni yake. Kwao Cybertron, sayari ya roboti hawa, alikuwa mtoto wa kishua, kazi yake kuwinda na marafiki wenye pesa. Vita imemzoa tu. Wenzake wanalijua hilo na hawamwamini sawasawa. Kuna kipindi cha msimu wa pili, 1985, ambacho Autobot mwenzake, Cliffjumper, anamshuku waziwazi kuwa msaliti. Mirage anaamua kujisafisha peke yake: anakwenda kuwachonganisha Decepticons na Insecticons, roboti wadudu walio washirika wao, mpaka wanapigana wao kwa wao. Bahati mbaya Bombshell, mmoja wa Insecticons, anamnasa, anampachika kidude kichwani cha kumtawala, na sasa yule aliyekuwa anasingiziwa usaliti anausaliti upande wake kweli, bila ridhaa yake. Katuni ya watoto hiyo, jamani.

Sasa swali: tabia hii ya Mirage ilitoka wapi? Ilitoka nyuma ya boksi la dukani.

Hasbro ya Marekani ilichukua roboti za kampuni ya Takara ya Japani, nyingi zikitoka kwenye mkusanyiko wa midoli wa Diaclone, ambako hazikuwa na majina haya wala visa hivi. Bob Budiansky, mhariri wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel Comics, akapewa kazi ya kuwatungia wengi wao majina na wasifu. Midoli ikaingia sokoni 1984, na katuni ikaanza kurushwa Septemba mwaka huohuo. Nyuma ya boksi palikuwa na wasifu mfupi na grafu ya uwezo, ambayo huisomi mpaka uweke juu yake kipande cha plastiki nyekundu kilichomo ndani. Kwa Mirage pameandikwa kwamba anaweza kudanganya macho ya adui kwa dakika 6, na kwamba haaminiki kikamilifu. Soma tena. Muuza bidhaa ameandika kwenye bidhaa yake kwamba huyu unayemnunua ana walakini! Ukisema tangazo haliwezi kuzaa mhusika mwenye uhai, utafanya nini na hili?

Wamarekani wenyewe wamevutana sana hapa. Mwaka 1969 FCC, tume inayosimamia utangazaji kule, iliikemea katuni ya Hot Wheels kwa kuwa tangazo la muda wote wa kipindi. Enzi za Rais Reagan kamba ikalegezwa, na 1984 ukomo wa muda wa matangazo ukaondolewa. Ndiyo maana katuni za midoli zilifurika miaka ile. Peggy Charren na kundi lake la kutetea watoto dhidi ya matangazo, Action for Children's Television, hawakunyamaza, na 1990 Bunge lao likapitisha sheria ya televisheni ya watoto: matangazo yasizidi dakika 10.5 kwa saa wikiendi, dakika 12 siku za kazi. Na kwa tafsiri ya FCC, ukirusha tangazo la mdoli ndani ya katuni ya mdoli huohuo, kipindi kizima kinahesabiwa kuwa tangazo.

Mimi nasimama hapo hapo. Bana tangazo, iache hadithi. Quebec, jimbo la Kanada, tangu 1980 hawaruhusu matangazo yanayowalenga walio chini ya miaka 13. Sawa kabisa, sina ugomvi nao.

Wala simpaki mafuta mfanyabiashara. Filamu ya Transformers ya 1986 iliwaua Optimus Prime, Ironhide, Prowl na wengine ili kupisha midoli mipya, watoto wakalia ukumbini. Hiyo ni biashara kavu. Na gari halisi la Ligier lilidhaminiwa na sigara za Gitanes. Kwenye mdoli walibadilisha herufi moja tu, ikasomeka Citanes, likauzwa kwa watoto. Mwenye kutaka sheria kali hapo ana haki, mimi namshika mkono.

NYONGEZA: Nimeona mnaosema kwa kunyata hakuna kama Ravage, yule chui wa Decepticons anayegeuka kaseti ya bwana wake Soundwave, roboti anayegeuka redio ya kaseti. Kwa kunyata tu, nakubali, anatisha. Hasemi neno, unasikia mngurumo tu. Ila Ravage ana bwana wake na hana swali lolote kichwani. Mirage ana maswali, na hata hivyo kila akitumwa anakwenda.

Na wewe uliyeandika kwamba watoto walitapeliwa kwa sababu mdoli hautoweki kama kwenye televisheni: kweli, hautoweki. Una bunduki yake na kirusha kombora cha begani, basi. Kutoweka ilibidi mtoto akutunge mwenyewe, auweke nyuma ya kochi, awaambie wenzake hawamwoni, nao wakubali. Hicho kipande Hasbro hawakukiuza. Sasa niambieni ninyi mnaotaka kufungia, sheria yenu itakigusa au itakiacha?