Mjadala: Katuni zenye wachawi na mazimwi zitolewe shule za awali?

Wakuu, habari za baridi. Nipo Ilomba, Mbeya, nimejifunika blanketi hadi masikioni, kwa hiyo herufi zikiruka mnisamehe.

Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi kwenye shule ya awali anayosoma binti yangu. Ajenda ya ada iliisha kwa dakika kumi, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kuitwa baba fulani. Kilichokula saa mbili ni katuni. Ijumaa mchana watoto wakishakula huwashiwa televisheni wakisubiri gari. Wiki iliyotangulia kikao waliwekewa moja ya zile za nchi za ajabu: msitu unaotembea, binti mfalme, farasi anayeongea, na adui anayeitwa Mfalme wa Giza. Hana uso. Ni joho lenye kofia, na sauti kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Kazi yake kumeza vivuli vya watu. Watoto watatu walilia, mmoja akajikojolea. Baba mmoja akasimama na hoja: katuni yoyote yenye mchawi, zimwi au pepo isioneshwe tena shuleni. Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Mimi sikunyoosha, na sasa kwenye grupu la wazazi naitwa wakili wa zimwi.

Niwaeleze kwa nini. Binti yangu ana miaka mitano na alikuwa mmoja wa wale watatu. Usiku ule alikataa kulala mpaka nitoe koti langu kwenye msumari nyuma ya mlango, maana lina kofia. Nikalitoa. Kesho yake akataka na msumari ung'olewe. Usiku wa tatu ndipo likanijia swali nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: "Kwani mwishoni yule mfalme alifanywaje?" Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Hakufanywa kitu. Umeme ulikatika."

Ulikatika pale pale kivuli cha binti mfalme kinapoanza kuvutwa, gari likaja, wakapakiwa, wakaondoka. Siku tatu mwanangu alikuwa anaishi kwenye dunia ambayo yule bwana ameshinda.

Nikaenda Mwanjelwa kwa kijana anayejaza muvi kwenye flashi, akanitilia kwa shilingi elfu moja. Tukakaa wawili chini ya blanketi moja. Sehemu ile ilipofika akafumba macho, akaniuliza mara nne, "Ameshapita?" Mwishoni farasi anaivuta ile kofia kwa meno, na ndani hamna mtu, hamna chochote, wanaruka nondo tu. Mtoto alicheka hadi akapaliwa. Asubuhi nikamkuta anahangaika kulirudisha koti kwenye msumari, anaruka, hafiki.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo: mtoto aogope, ila aone mwisho, na pembeni yake awepo mtu mzima. Wale watatu waliumizwa na hadithi iliyokatwa katikati, huku mwalimu yuko nje anapiga soga na dereva.

Wala ugomvi huu haukuanzia Ilomba. Snow White ya Disney ilipotoka 1937, yule malkia anayekunywa dawa akageuka kikongwe aliwatoa watu jasho. Uingereza wakaipa daraja la A, yaani mtoto aingie akiwa na mtu mzima. Waliona ukali wake, lakini hawakuifungia. Na kwetu Tukuyu bibi alitusimulia zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, likawa linazunguka vijijini. Likipiga ngoma, yeye anaimba. Lakini hakuna hata siku moja bibi alituacha na yule msichana ndani ya ngoma. Hata tukisinzia alimalizia: wazazi wanaitambua sauti, wanalilewesha zimwi, wanamtoa mtoto, wanajaza nyuki.

Na Kalenga, kule Iringa, je? Watoto wa shule hupelekwa pale makumbusho kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954. Fuvu halisi la mtu halisi, ndani ya kioo. Sijasikia kikao kikiitishwa. Lakini pale yupo mtu wa kuwaeleza lilichukuliwaje na lilirudije.

Karibuni mnipinge.

*

Mama wa wawili, Kihesa, Iringa:
Kaka, umelinganisha bibi na televisheni, na hapo ndipo umeteleza. Bibi alikuwa anakutazama usoni. Ukianza kukunja vidole vya miguu, zimwi lake linajikwaa, linajamba, mnacheka. Televisheni haimwoni mtoto. Muziki wake unapanda tumboni vilevile kwa wa miaka mitano na wa kumi na mbili. Halafu ile flashi yako ilikuwa ya kutafsiriwa? Kwangu mchawi alipokuwa anaongea lugha ya kigeni alikuwa yuko mbali huko. Siku walipoleta ya kutafsiriwa, anatisha kwa Kiswahili cha mtaani, "njoo hapa we mtoto", kitindamimba wangu akasema hiyo ni sauti ya mjomba wa dukani. Hadi leo nikimtuma chumvi haendi.

Mleta mada:
Dada, kwenye kutazamwa usoni umenipiga, sina jibu. Ila si ndiyo maana nasema akae mtu? Yule mtu ndiye macho ya televisheni. (Na ndiyo, ilikuwa ya kutafsiriwa. Mtafsiri alichomekea hadi bei ya viazi.)

Mzee wa kanisa, Mbalizi:
Mtoto hazoeshwi pepo kama anavyozoeshwa uji. Leo anacheka naye, kesho anamwona wa kawaida. Mimi ningepiga kura mikono miwili.

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Nakuelewa. Lakini sikukuu ya watoto mwaka jana Goliathi alikatwa kichwa mbele ya madhabahu, kwa panga la boksi na rangi nyekundu, na tulipiga makofi wote.

Mzee wa kanisa, Mbalizi:
Marahaba. Goliathi hakumeza kivuli cha mtu. Ila umenichekesha.

Mfanyabiashara, Mafiati:
Mnazunguka tu. Bodi ya Filamu ipo, sheria ipo tangu 1976, filamu inakaguliwa, inapewa daraja. Sasa flashi ya Mwanjelwa ina daraja gani? Mwalimu anaweka asichokijua, mzazi anapeleka kikao.

Mwalimu wa darasa la pili, Mafinga:
Mimi naunga mkono marufuku nusu, na sababu yangu hamjaigusa. Mkuu, adui wako alikuwa joho tupu, una bahati. Angalia wengine wote: kikongwe, mgongo umepinda, kidevu kimechongoka, macho mekundu. Mwaka juzi mwanafunzi wangu alimkataa bibi yake aliyekuja kumchukua getini. Akajificha nyuma ya sketi yangu, akasema huyu ndiye wa kwenye katuni. Yule bibi amepikia kuni maisha yake yote, macho yatakuwa meupe kwa kipi? Aliondoka ameshika mwavuli na kandambili za mtoto, mtoto amebaki kwangu mpaka mama yake alipofika saa kumi na moja. Na sote tunajua nchi hii imezika vikongwe wangapi kwa kosa la macho mekundu. Mtoto wa Ulaya akizima televisheni, mchawi amekwisha. Wa kwetu akizima, anatoka nje anamkuta anapepeta mahindi. Kukaa naye hadi mwisho hakusaidii, maana mwishoni yule kikongwe anasukumwa bondeni na watoto wanashangilia.

Mama, Njombe:
Mwalimu, umenigusa. Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wanauawa huku kwetu na maneno ya ushirikina yametanda, wangu alikuwa darasa la kwanza. Tulikuwa tunawasindikiza kwenda na kurudi. Katuni hazikumtisha hata kidogo wakati ule. Kilichomtisha ni sisi, tukinyamaza ghafla akiingia sebuleni. Aliniambia, "Mama, kwenye katuni mbaya anaonekana." Nilikosa la kumjibu.

Mleta mada:
Mwalimu wa Mafinga, nimesoma mara tatu na chai imepoa. Nilikuja na jibu langu la umeme kukatika nikadhani nimemaliza kazi. Kwa joho tupu bado nasimama pale pale. Kwa kikongwe sisimami tena, na nakiri sikuwahi kumwangalia kwa jicho hilo, mimi niliyelelewa na bibi mwenye macho mekundu kuliko wote Tukuyu.

Jumamosi ijayo tunakaa tena. Nimeandika pendekezo kwenye daftari la binti yangu, ukurasa wa nyuma ya alifabeti. Mwalimu aitazame yote mwenyewe kwanza. Zikibaki dakika chache gari lifike, isianze. Mwalimu akae ndani, dereva atasubiri. Nimeongeza la nne kwa sababu yenu, na hilo bado linanisumbua namna ya kuliandika: adui asiwe bibi wa mtu. Yule baba wa hoja ya kwanza ataniuliza, "Kwa hiyo joho ruksa, kikongwe marufuku?" Sijapata jibu fupi.

Kama kuna mwalimu wa awali ambaye shule yake imeshaweka utaratibu wa aina hii, atuwekee hapa walivyoandika. Nina hadi Ijumaa usiku, umeme ukiwepo.