Mrejesho: stika za hali ya hewa kwenye kompyuta ya mezani

Wadau, niliuliza namna ya kusakinisha kwenye kompyuta ya Windows programu ya Android inayobandika stika za halijoto, mvua na jina la mahali juu ya picha, na sasa ninaleta majibu kwa shukrani. Njia ya Windows Subsystem for Android (kipengele cha Windows cha kuendeshea programu za Android) haifai tena, kwani Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 5 Machi 2025. Iliyofaa ni emuleta (programu inayoigiza simu ya Android ndani ya kompyuta) ya BlueStacks, inayohitaji RAM isiyopungua GB 4. Mwanzoni ilikuwa nzito mno, hadi nilipofuata ushauri wenu wa kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na kuwasha mpangilio unaoiruhusu prosesa kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, ambao kwa Intel huitwa VT-x na kwa AMD huitwa SVM. Huu ndio ushauri ulionifaa kuliko yote. Kisha niliingia Play Store kwa akaunti ya Google na kusakinisha kama kwenye simu. Stika ilionyesha hali ya hewa ya Dar es Salaam ilhali nipo Morogoro, kwa kuwa kompyuta yangu haina GPS, hivyo nililazimika kuchagua mahali mwenyewe katika mipangilio ya emuleta.