Upepo umeezua nyumba yangu Utawala, asesa wa bima anakuja Alhamisi. Nisaidieni

Baba Nekesa
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri wa haraka, hata usingizi sipati. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu huku mtaa wa Utawala, Nairobi, paa la mabati. Mvua ya upepo ya Jumamosi usiku imeezua upande wote wa nyuma. Maji yameingia vyumba viwili vya kulala, dari ya jipsamu imeanguka yote, kabati la nguo limefura hadi milango haifungi, magodoro yameota ukungu mweusi, na stima ya upande ule nimeizima kwa kuogopa.

Nina bima ya nyumba, jengo pamoja na vitu vya ndani. Nalipa kila mwaka. Kampuni nimeiarifu, fomu ya madai nimejaza na kupeleka. Fundi amenipa kadirio la laki tatu na nusu na anataka kuanza kesho. Je, akianza nitaharibu dai langu? Na huyo asesa, mkaguzi wao wa hasara, akianza kuuliza maswali, ni mambo gani hayafai kutajwa?

Fundi Paa Embakasi
Pole sana, Baba Nekesa. Kabla ya mambo ya bima, hayo mabati ni geji ngapi? Wengi huko Utawala waliojenga kwa haraka waliuziwa geji 32, na hakuna aliyewaambia kwamba namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Mahali palipo wazi vile mimi siezeki chini ya geji 28. Angalia na misumari. Ile raba iliyo chini ya kofia ya msumari hukauka na kupasuka kwa jua, tundu linapanuka, upepo ukipata pa kushika unafungua bati moja na mengine yanafuata. Nimepanda nyumba nikakuta misumari yote bado imesimama kwenye mbao, bati limepita juu ya vichwa vyake likaenda.

Huyo fundi akikuwekea mabati mapya juu ya mbao zile zile bila kufunga kenchi, zile fremu za mbao za paa, ukutani kwa ukanda wa chuma, mwakani utakuwa hapa tena. Na aanze kuezeka kutoka upande ule upepo unakoelekea, ili maungio yasiupokee uso kwa uso. Huku kwetu unatoka sana mashariki.

Shangazi wa Umoja
Poleni na familia. Umenikumbusha El Niño ya 1997. Tulikuwa tumehamia Umoja karibuni, watoto wadogo, na mvua ile haikujua mchana wala usiku. Marehemu mzee wangu alipanda juu na taa ya mkono kuweka mawe na magurudumu ya gari ili bati lisiondoke, mimi niko chini nashikilia ngazi na mtoto mgongoni. Siku hizo bima tuliyoijua ni ya gari. Watoto wako hawajambo? Hilo ndilo la kwanza. Vitu hununuliwa.

Kijana wa Mathare
Pole mzee. Sisi 2024 maji yalitukuta usiku mwezi wa Aprili, yakabeba nyumba na vitu, na kabla hatujapumua serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Matingatinga yakamaliza yaliyobaki. Hakuna asesa aliyekuja. Wewe una karatasi mkononi, itumie vizuri.

Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ya madai ya bima hadi nikastaafu, kwa hivyo nitajibu ulichouliza.

Fundi asianze kazi ya kudumu kabla asesa hajaona. Lakini hukatazwi kuzuia hasara isiongezeke, na mkataba wenyewe unakutaka ufanye hivyo. Funika kwa turubai, hamisha vitu vikavu, ita fundi wa stima mwenye leseni akague nyaya, na utunze risiti za yote hayo. Mabati yaliyong'oka usimpe mtu wa chuma chakavu. Yapange uani, pamoja na misumari na mbao zilizovunjika, maana asesa atataka kuona kama ni upepo ulioyang'oa au ni mbao zilizokuwa zimeoza. Uchakavu haulipwi.

Tafuta pia thamani uliyoandikisha. Mfano: nyumba ingegharimu milioni sita kuijenga upya, wewe umeikatia bima ya milioni tatu. Hasara ikiwa laki nne, wanaweza kukulipa laki mbili tu, kwa sababu ulijilinda nusu. Kisha wanakata ile sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe. Watu hulia hapo wakidhani wameibiwa.

Sasa nami nikuulize. Umesema mvua ilikuwa Jumamosi usiku, leo ni Jumanne. Ukungu mweusi hauoti kwenye godoro kwa siku chache hivyo. Mlikuwa mnalala wapi?

Baba Nekesa
Asante mzee, turubai nanunua leo. Nyumba ni yetu na vitu ni vyetu, sijapangisha mtu. Hiyo thamani nitaangalia. Lakini asesa huwa anauliza majirani?

Karani Mstaafu
Sijauliza nyumba ni ya nani. Nimeuliza mlilala wapi.

Shangazi wa Umoja
Baba Nekesa, mjibu mzee. Hapa tunataka kukusaidia.

Baba Nekesa
Sawa. Hatukuwa hapo. Mama yangu alishikwa na kiharusi mwezi wa Januari, mimi na mke wangu tukarudi Kakamega kumuuguza, watoto tukawahamishia shule ya huko. Nyumba ilibaki imefungwa. Kwenye fomu kuna swali la nani alikuwa anaishi humo wakati wa tukio. Nimeandika sisi sote. Jirani nimeshazungumza naye, akiulizwa atasema tulikuwepo.

Na kabla hamjanirukia, niambieni ningeandika nini. Mtu wa bima aliponiuzia hakuniambia nyumba ikifungwa kuna masharti. Nimelipa miaka yote sijadai hata kitasa cha mlango. Siombi pesa ya hewa, paa limeng'oka kweli, mtu yeyote aje aone. Kama ningekuwa nimelala chini yake upepo ungeliacha?

Mtumishi
Ndugu yangu, uongo ni uongo hata ukiwa na sababu. Usimshuhudie jirani yako uongo, na sasa wewe unamtuma jirani ashuhudie uongo kwa niaba yako. Umemwingiza mtu wa watu katika shimo lako. Tubu kabla ya Alhamisi.

Kijana wa Mathare
Mtumishi, mama wa mtu amepooza. Punguza mahubiri kidogo.

Macho Manne
Mimi naishi Utawala na kuna kitu hakiingii akilini. Jumamosi usiku nilikuwa nje hadi usiku mwingi, tuna matanga hapa kwetu, viti viko uwanjani. Hakukunyesha tone. Upepo haukupeperusha hata hema. Mwanzoni huyu alikuwa nyumbani na familia, sasa alikuwa Kakamega. Ghafla anatokea karani wa bima mwenye majibu yote. Hii ni hadithi imetungwa, mjue. Kesho tutaambiwa kuna wakala mzuri wa kumpigia simu.

Fundi Paa Embakasi
Mvua ya Nairobi hainyeshi kote. Naweza kuwa juu ya paa Pipeline jua linaniunguza na Lang'ata barabara imefunga kwa maji. Ila ni kweli Jumamosi nilifanya kazi Ruai hadi jioni, na kulikuwa kukavu.

Shangazi wa Umoja
Hata hapa Umoja sikusikia kitu. Baba Nekesa?

Mtumishi
Kimya chake kinasema.

Karani Mstaafu
Mimi sina wakala wa kutangaza na sitamtaja yeyote. Lakini Macho Manne amegusa penyewe. Kampuni ikitilia shaka, itaomba taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo kutoka Idara ya Hali ya Anga, Dagoretti Corner. Wana vituo hadi uwanja wa ndege wa JKIA, si mbali na wewe. Ikionekana usiku huo ulikuwa mkavu, dai zima linaanguka, hata sehemu iliyo ya kweli. Na kuna wapelelezi wa DCI ambao kazi yao ni ulaghai wa bima tu. Kwa hivyo sema tarehe halisi.

Baba Nekesa
Macho Manne, njoo Utawala uone nyumba ndiyo uniite mtunzi. Nimesoma maneno yako nikiwa nimesimama katika chumba cha binti yangu. Daftari zake za darasa la nne zimeshikana, ukifungua ukurasa unachanika na wino wa kazi yake umehamia ukurasa wa pili. Hizo nazo nimetunga?

Tarehe ni kweli si Jumamosi. Paa liliondoka majuma mawili kabla. Kijana wa jirani alinipigia usiku ule ule, lakini mama alikuwa amelazwa tena na sikuweza kumwacha. Nilipofika ndipo nikaripoti. Mkataba unasema uarifu mara moja, nikaona nikitaja tarehe ya nyuma watasema nimechelewa. Ndiyo maana nikaandika Jumamosi. Bado naona mtu yeyote mwenye mgonjwa angefanya hivyo.

Macho Manne
Majuma mawili nyuma naam, kulikuwa na upepo mbaya, kanisa la mabati karibu na kwetu nalo lilipoteza upande. Hapo sawa. Lakini utuelewe, ulitupa tarehe ya uongo.

Karani Mstaafu
Rudi nyuma kidogo. Kijana wa jirani alijuaje usiku ule ule?

Baba Nekesa
Alikuwa analala pale. Kile chumba cha nje cha uani, nilimwachia ufunguo tangu tuondoke, awe anawasha taa na kuangalia nyumba. Namtumia pesa kidogo kila mwezi kwa M-Pesa. Usiku ule alinitumia picha kwenye WhatsApp, amemulika tochi, unaona mbao na mawingu.

Karani Mstaafu
Basi mbona hilo ndilo ulilolificha, nalo ndilo la kukusaidia? Nisikilize vizuri. Mikataba mingi ina sharti la nyumba kukaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo. Lakini soma lako neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi sharti hilo huondoa kwenye kinga wizi na maji ya mabomba yaliyopasuka, na dhoruba inabaki ndani ya kinga. Mingine huondoa na dhoruba. Sijaona wako. Pili, angalia wanavyoeleza nyumba isiyo na mtu. Mlinzi anayelala ndani ya ua, mwenye ufunguo na anayelipwa kila mwezi, anakupa hoja ya kujibu. Hiyo M-Pesa ni ushahidi. Picha yenye tarehe ni ushahidi mkubwa kuliko jirani kumi waliofundishwa la kusema. Kuchelewa kuripoti kunaelezeka kwa karatasi za hospitali za mama. Lakini umeandika uongo juu ya mambo yote mawili, na ukifika nao Alhamisi huna hata moja.

Nenda kesho asubuhi na barua. Andika kwamba unasahihisha majibu mawili kwenye fomu, tarehe na nani alikuwa akikaa hapo. Ambatisha picha, taarifa za M-Pesa, karatasi za hospitali. Usiitume kwa mtu wa mauzo. Ipeleke ofisini, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokewa. Wakikataa, wadai sababu kwa maandishi, kisha una njia ya kulalamika kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, pale Upper Hill. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inawapa siku 90 tangu uripoti wawe wamemaliza dai. Mlango huo hutaupita ukiwa na fomu ya uongo.

Baba Nekesa
Na wakiniona tapeli kwa sababu nimebadilisha? Kwa nini nisinyamaze tu, asesa asipouliza basi?

Karani Mstaafu
Ataona ule ukungu, kama nilivyouona mimi kwenye maandishi tu.

Shangazi wa Umoja
Fanya hivyo mwanangu. Na yule jirani umpigie leo, umwambie aseme alichokiona tu. Usimwache na mzigo huo. Mama anaendeleaje?

Baba Nekesa
Anaongea kidogo sasa, shangazi. Mkono wa kulia bado.

Fundi Paa Embakasi
Mimi niko Embakasi, naweza kuja kufunga turubai bila malipo. Lakini mbao nitazipiga picha kwanza kabla sijagusa chochote, na geji utaniambia.

Baba Nekesa
Nimetoka ofisini kwao. Barua imepokewa, nakala ina muhuri. Karani wa pale ameisoma yote mbele yangu, akaniuliza kama kijana bado ana ile picha kwenye simu yake, nikamwambia ndiyo. Hakuniahidi kitu. Mkataba nimeusoma jana usiku: sharti la siku 30 linataja wizi, maji ya mabomba na uharibifu wa makusudi. Dhoruba haimo katika mstari huo, ingawa mzee naomba unisaidie kusoma ukurasa wa mwisho, kuna maneno madogo siyaelewi, nitakutumia picha. Jirani nimemwambia. Asesa ni kesho saa nne. Fundi, mabati ni geji 30. Njoo saa mbili, turubai na kamba ninazo, ngazi sina.