Viti vya mapacha kwenye pikapu: mzigo umekwama, watoto wanatua Jumamosi

Baba Kulwa, Tabata

Habari za siku nyingi, wana ughaibuni.

Wengi mnajua nimetangulia kurudi nyumbani. Mama watoto na mapacha walibaki Coventry wamalizie chanjo, na Jumamosi alfajiri wanatua Julius Nyerere. Pikapu nimeshaigomboa kwa msamaha wa ushuru wa anayehama makazi. V5C, hati ya usajili wa gari ya Uingereza, ilionyesha nimekuwa nayo zaidi ya miezi 12, hapo hapakuwa na neno.

Shida ni boksi. Viti viwili vya watoto vilikuja kwenye kontena la kuchangia pamoja na vyombo vya jikoni. Ofisi ya wakala wangu imeandika kwenye karatasi "viti vya gari, 2". Sasa wananiambia hivyo ni vipuri, havimo kwenye msamaha, vilipiwe ushuru, na kabla ya kulipia hati irekebishwe, na anayerekebisha hati yuko safarini. Kijana wa dirishani alinigeuzia skrini nijionee. Nikamwambia hivi ni vya kubebea watoto wa miezi minne, walizaliwa wiki ya 35 ya mimba, bado wadogo. Akasema, "Mzee, kiti ni kiti." Huku storeji inahesabu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, aliyewahi kutoa viti vya watoto kama vyombo vya nyumbani, alipeleka karatasi gani? Pili, pikapu ni dabo kebini ndogo ya zamani. Siti ya nyuma fupi, mgongo wake umesimama wima, haina ISOFIX (vile vyuma vya kunasia kiti cha mtoto), na mkanda wa katikati ni wa kiunoni tu. Viti viwili vya kutazama nyuma vitakaa?

Mama Neema, Leicester

Hongera kwa mapacha, shemeji, na pole kwa usumbufu. Huyo wakala kakosea kifungu. Kwenye namba za forodha, siti za magari ni 9401.20. Kiti cha usalama cha mtoto, kile kinachowekwa na kutolewa, hakiingii hapo, kinakwenda 9401.80. Mwambie afungue maelezo ya kifungu cha 94.01, viti vya watoto wachanga vimetajwa waziwazi. Mimi nilipopeleka vitu vya mama yangu Moshi, kitanda cha hospitali kiliandikwa "samani", tukahangaika hivyohivyo. Usikubali kulipa kwa jina lisilo lake.

Mjomba, Houston

Shikamooni wakubwa. Baba Kulwa usiumize kichwa na kontena. Huku viti ni bei rahisi, mwambie shemeji anunue vya Marekani kwa mtandao. Vyetu vina klipu ya kifuani, mtoto hachomoki. Unapitisha mkanda, unauvuta mpaka mwisho, unajifunga wenyewe, unaurudisha, basi. Dakika mbili. Mimi nina pikapu kubwa na watoto watatu, sijawahi kuwa na shida.

Fundi, Gerezani, Dar (zamani Osaka)

Mjomba, kwa heshima zote, hapo unampoteza mwenzako. Mkanda unaojifunga ukiuvuta mpaka mwisho ni wa magari ya Marekani, kule ni sheria tangu modeli za 1996. Pikapu yake ni ya Uingereza. Mikanda ya nyuma ya gari kama hiyo hushika pale gari linaposimama ghafla au mkanda unapovutwa kwa kishindo. Ukiuvuta polepole unakufuata tu. Ndiyo maana viti vya Ulaya huwa na njia zake za kubana mkanda. Ukiweka kiti cha Marekani kwenye mkanda wa namna hiyo unahitaji klipu ya chuma ya kufungia, na watu wengi hawajui hata kama ipo.

Sasa kuhusu gari lenyewe. Nimefunga viti vya watoto kwenye pikapu za wateja hapa Gerezani, na kinachosumbua siyo upana, ni urefu wa mkanda. Kiti cha kutazama nyuma kinataka mkanda upite juu ya miguu ya mtoto, kisha uzunguke mgongoni mwa kiti. Pikapu za zamani mkanda unaishia njiani. Unabaki na ncha mkononi, na kifungio kiko pale hakifikiki. Usiunge mkanda. Usiupitishe njia ya mkato. Fuata alama za buluu pembeni mwa kiti, buluu ni ya kutazama nyuma, nyekundu ni ya kutazama mbele. Mkanda usipofika kwenye buluu zote, kiti hicho na gari hilo haviendani, tafuta kingine.

Halafu angalia shina la kifungio. Kwenye siti fupi linakuwa refu, plastiki yake inalalia ukingo wa kiti. Ikilalia hapo, gari likigonga inaweza kuvunjika. Shina likae chini, utepe tu ndio uguse kiti.

Mapacha wakae madirishani, mmoja kila upande, kwa sababu ndiko kwenye mkanda wa pointi tatu. Katikati kwa mkanda wa kiunoni achana napo. Ukimaliza kufunga, shika kiti pale mkanda unapopita, kitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya.

Baba Kulwa, Tabata

Fundi asante sana, hili la mkanda sikuwa nimelifikiria, nitapima leo jioni kwa kamba. Mama Neema, nimepeleka hiyo namba. Wamesema hawawezi kufungua hati upya bila barua. Barua ya nani? Hawakusema.

Mama Zuhura, Muscat

Mwanangu, mmoja muweke mbele kwa dereva, mwengine nyuma na mama yake. Hivyo kila mtoto ana mtu wake.

Mama Neema, Leicester

Mama Zuhura, shikamoo. Tafadhali asifanye hivyo. Mbele kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kiti cha kutazama nyuma kikiwa mbele ya eabegi inayofanya kazi, ikilipuka inampiga mtoto kichwani kupitia mgongo wa kiti. Huku Uingereza ni kosa la jinai. Kama pikapu ina swichi ya ufunguo ya kuzima eabegi ya abiria, na taa inathibitisha imezima, hapo tunaweza kuzungumza. Bila hiyo, hapana.

Mama Zuhura, Muscat

Marahaba. Sikujua hilo la eabegi. Lakini nawaambia, sie tulilelewa Ng'ambo kwa khanga tu, watu kumi ndani ya gari la ng'ombe la marehemu babu, tukenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa tukarudi. Barabara zilikuwa tupu. Siku hizi naona picha za Dar, mapikipiki, malori, kila mtu ana haraka. Nikiwaza wajukuu wangu wako humo, usingizi hauji.

Nesi, Minneapolis

Mama yangu, barabara zilikuwa tupu kweli, na waliopona ndio tulio hapa kusimulia. Nimefanya kazi wodi ya watoto njiti, nasema hili kwa moyo wangu wote: hakuna mikono ya mama, hata iwe na nguvu kiasi gani, inayoweza kumzuia mtoto gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa. Ukimfunga pamoja nawe kwenye mkanda mmoja ni vibaya zaidi, mwili wako ndio unaomponda.

Baba Kulwa, umesema wiki ya 35. Hapo ndipo mimi ningeweka nguvu. Huku hospitali nyingi hazimruhusu mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 kutoka mpaka akalishwe kwenye kiti chake cha gari, dakika 90 au zaidi, tukiangalia oksijeni na mapigo ya moyo. Sababu ni shingo. Mgongo wa kiti ukisimama sana, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanwa, na mtoto halii. Ananyamaza tu. Kwa miezi minne watakuwa wamepata nguvu kidogo, lakini siti ya pikapu iliyosimama wima inabadilisha mlalo wa kiti. Angalia ule mstari au kipimo kilichoko pembeni mwa kiti, hakikisha kinasoma sawa gari likiwa mahali tambarare, siyo kwenye mteremko wa kwenu Tabata.

Na msikae nao muda mrefu humo. Saa mbili ndiyo mwisho, na kwa wadogo namna hiyo ni bora kuwatoa mapema zaidi. Foleni ya Mandela ikishika, egesheni sehemu salama, muwatoe, muwanyooshe.

Mjomba, Houston

Mgongo ukisimama wima unakunja taulo unaweka chini ya kiti, pale siti ya gari inapokutana na mgongo wake. Wote tunafanya hivyo.

Fundi, Gerezani

Mjomba, baadhi ya viti vya Marekani kitabu chake kinaruhusu taulo. Vya Ulaya vingi haviruhusu. Asome kitabu cha kiti chake. Kila kiti na kitabu chake, tusigawe ruhusa za watengenezaji.

Mjomba, Houston

Sawa Fundi, umeshinda. Nia yangu ni kumsaidia kijana.

Baba Ibra, Bremen

Naona mmesahau swali la kwanza la mwenzetu. Mama Neema, namba ya kifungu haimsaidii kwenye msamaha. Msamaha uko kwenye Jedwali la Tano la sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na unasimama juu ya vitu binafsi vilivyotumika vya mtu anayehama makazi. Vikiwa vimetumika na ni vyake, hata vikiitwa meza vinaingia. Kinachotazamwa ni tarehe aliyoingia nchini, kuna siku 90 tangu hapo za kuingiza mzigo, Kamishna anaweza kuongeza. Kilichoharibika ni orodha ya vitu. Je, orodha yake ya kufungasha ilivitaja kama viti vya watoto?

Mama Neema, Leicester

Baba Ibra, sikusema namba inaleta msamaha. Nilisema inaondoa neno "vipuri". Soma tena nilichoandika.

Baba Ibra, Bremen

Nimesoma. Na mimi nasema neno hilo linaondolewa na orodha.

Jambo jingine Baba Kulwa, watoto wanaingia na pasi gani? Kama ni ya Uingereza, jipangeni mapema. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mtoto kuwa na zote mbili mpaka afike miaka 18, halafu achague. Mtoto wangu wa kwanza alifika hapo mwaka jana. Alizaliwa Bremen, anazungumza Kiswahili kuliko binamu zake wa Masaki, na ilibidi akae mezani aamue yeye ni wa nani. Tunatuma fedha nyumbani kila mwezi, tunajenga, tunazika, halafu mtoto wako anapanga foleni ya wageni. Inauma.

Mama Zuhura, Muscat

Inauma sana, baba. Na sie wa huku hatuna hata uraia wa pili, tuna ikama tu, kibali cha ukaazi, mwajiri akisema basi ni basi.

Kijana wa Kimara

Samahani wakubwa, shikamooni. Nilikuwa Pretoria, nimerudi, na mimi nina mapacha, Kulwa na Doto wa miezi miwili. Gari langu ni Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Navisoma hivi vyote najiuliza, Kirikuu inaweza?

Fundi, Gerezani

Marahaba. Kirikuu haiwezi, mdogo wangu, nakwambia kwa upendo. Kebini yake ina siti mbili, yako na ya abiria mmoja. Gari lote halifiki mita moja na nusu kwa upana. Hata ukifanikiwa kumfunga mmoja, wa pili atapakatwa, na mama yao atakaa wapi? Nyuma kwenye bodi ni pa mizigo. Siku ya kliniki azima gari la siti nne. Na wenye zile pikapu za ekstra kebini zenye visiti vya kutazama ubavuni nyuma, pale pia kiti cha mtoto hakifungwi kabisa.

Kijana wa Kimara

Nimeelewa. Asante kaka. Viti nitapata wapi vya bei nafuu? Kariakoo nimeona vya bei rahisi sana.

Mama Neema, Leicester

Kigeuze utafute lebo ya rangi ya chungwa, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Iandikwe R44 au R129, ndivyo viwango vya usalama vya viti vya watoto. Hakina lebo, kiache hapohapo dukani, hata kiwe na maua mazuri namna gani. Cha mtumba usichukue kama humjui aliyekitumia, maana kiti kilichopata ajali hakionyeshi jeraha kwa nje.

Nesi, Minneapolis

Na joto jamani. Gari likisimama juani pale Dar, vyuma vya mkanda vinaunguza ngozi ya mtoto. Funikeni viti kwa khanga mkiegesha, mguse vyuma kwa mkono kabla ya kumweka. Mkishaondoka khanga itoke, msiitundike juu ya kiti mtoto akiwa ndani, hewa inakosekana.

Baba Kulwa, Tabata

Nimepima. Upande wa kushoto kamba inafika na inabaki. Upande wa kulia, nyuma yangu, inafika lakini lazima nisogeze siti yangu mbele mpaka magoti yaguse dashibodi. Nitaendesha hivyo, au shemeji yangu mfupi ataendesha. Viti bado viko kwa wakala. Orodha yangu iliandika "vitu vya watoto, boksi 1", Baba Ibra, ndiyo shida.

Mama Neema, Leicester

Basi mpigie mama watoto usiku huu. Kabla ya Ijumaa aazime viwili kwa jirani anayemwamini, avikabidhi uwanjani kama mizigo. Mashirika mengi ya ndege hayatozi kwa kiti cha mtoto, aulize lake. Avifunge vizuri, vitupwe kidogo iwezekanavyo. Mimi nina kimoja, mwanangu amekizidi, hakijawahi kupata ajali. Coventry siyo mbali, nitampelekea mwenyewe.

Baba Kulwa, Tabata

Mungu akubariki dada yangu. Namtumia namba yako faragha. Hicho kingine tutatafuta.

Mzee wa Tegeta

Na mimi nina mzigo wa binti yangu kwa wakala mwingine, nao wanadai barua hiyohiyo. Ni ya ubalozi, ya mwajiri wa zamani, au ya serikali ya mtaa? Mwenye nakala aitume hapa, afute majina.